Kroshia: Kazi ya Mkono Ambayo Mashine Haijaiweza

Mgeni akikaribishwa katika sebule nyingi za Kenya, iwe ni Nyeri, Machakos, Kakamega au katika chumba cha kupanga mjini Nairobi, hukuta migongo ya viti na meza ya katikati zimefunikwa kwa vitambaa vilivyofumwa kwa uzi. Vingine ni vyeupe pe, vingine vimetiwa rangi ya waridi au ya machungwa pembeni. Mgeni huegemea, hunywa chai, huweka kikombe chake juu ya kitambaa, na pengine huaga na kwenda zake bila kukitazama. Mazoea yamekifanya kitambaa hicho kuwa kama ukuta au dirisha: kipo tu. Walakini kina jambo moja ambalo shati la mgeni huyo halina, wala soksi zake, wala blanketi atakalojifunika usiku. Vitu hivyo yamkini vilifumwa na mashine. Kitambaa cha kiti kilifumwa mshono mmoja baada ya mwingine kwa vidole vya mtu. Maana hata hivi leo kroshia ya kweli iuzwayo madukani, popote duniani, ni kazi ya mkono.

Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo shina la furaha waipatayo wafumaji, na ndilo pia shina la swali la bei ambalo wafumaji wengi huona haya kuliuliza.

KULABU MOJA NA UZI MMOJA

Jina la kroshia limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kulabu ndogo, na kweli kazi yote hutegemea kulabu hiyo. Kwa uzi mwembamba wa pamba hutumiwa kulabu ya chuma yenye unene usiofika milimita 2. Kwa uzi wa sufu hutumiwa ya milimita 4 au 5. Na zipo za mti, za alumini na za plastiki, nyingine nene kama kidole gumba. Mbali na kulabu na donge la uzi hapana kifaa kingine kinachohitajiwa, isipokuwa mkasi wa kukatia mwisho.

Mfumaji huanza kwa kitanzi kimoja. Huingiza kulabu ndani yake, huunasa uzi, huuvuta upite, na hapo kitanzi kipya huzaliwa ndani ya kile cha kwanza. Akirudia mara ishirini hupata mnyororo wa vitanzi ishirini. Kisha hugeuka na kurudi juu ya mnyororo ule: huingiza kulabu katika tundu, huvuta uzi hata vitanzi viwili vikae juu ya kulabu, halafu hunasa uzi tena na kuupitisha katika vyote viwili kwa pamoja. Huo ndio mshono mfupi. Akiuzungusha uzi juu ya kulabu mara moja kabla ya kuingia tunduni, atapata mshono mrefu, ambao huacha nafasi zaidi kati ya nyuzi. Kwa mnyororo, mshono mfupi na mshono mrefu, mtu aweza kufuma shali, kofia, mfuko, blanketi la mtoto mchanga na kitambaa cha meza chenye maua.

Yafaa kazi hii isichanganywe na nyingine zinazofanana nayo. Sweta za shule hufumwa kwa sindano mbili, na vitanzi vyote vya mstari hukaa wazi juu ya sindano vikingoja zamu yao. Kimoja kikiponyoka, vya chini yake huporomoka kama ngazi. Katika kroshia kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Kofia za mkono za Lamu na Unguja nazo si kroshia: hushonwa kwa sindano juu ya kitambaa kilichokwisha fumwa, tundu kwa tundu, kwa subira kubwa. Na kiondo cha Wakamba na Wakikuyu husukwa kwa kamba za mkonge kwa vidole bila kulabu. Hata hivyo, yeyote aliyemwona mama wa Ukambani akisuka kiondo huku anatembea kwenda sokoni atafahamu kwa nini wanawake wa nchi hii walipokabidhiwa kulabu hawakupata taabu kuizoea.

KWA NINI MASHINE IMESHINDWA

Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa Uingereza na William Lee mwaka 1589. Iliwezekana kwa sababu katika kufuma kwa sindano vitanzi hujipanga safu, kila kimoja mahali pake. Basi mashine hupewa sindano nyingi ndogo zilizopangwa sambamba, na kila sindano hushika kitanzi chake na kurudia mwendo ule ule bila kuchoka.

Kroshia haiendi hivyo. Kulabu lazima itafute tundu katika kitambaa kilichokwisha fumwa, nacho ni kitu laini, chenye kulegea na kujipinda. Mara huingia toka mbele, mara toka nyuma. Mara hupita chini ya nyuzi mbili, mara chini ya mmoja. Kitambaa chenyewe hugeuzwa kila mwisho wa mstari, au huzungushwa bila kugeuzwa ikiwa ni kofia. Wakati wote huo kidole cha mkono wa pili hukaza uzi na kuulegeza kwa kadiri ambayo mfumaji mwenyewe hawezi kuieleza. Kidole kimejifunza tu. Wahandisi wa vyuo vikuu wamekwisha kuunda mashine za majaribio ziwezazo kufuma vipande vyepesi polepole, lakini hazijaingia viwandani. Zipo pia mashine za viwanda ziitwazo kwa jina la kroshia. Kazi yake hasa ni kuunganisha nyuzi nyingi kwa wakati mmoja kufanya ukanda wa mapambo, nayo ni kazi nyingine kabisa. Na ziko mashine za kutarizi ziwezazo kuiga sura ya kroshia hata jicho lisilozoea likadanganyika. Anayetaka kuhakikisha na atazame kwa makini: katika kroshia ya kweli ataona vitanzi vimeingiana, na uzi mmoja waweza kufuatwa toka mwanzo wa mstari hata mwisho.

FURAHA YA MFUMAJI

Watu wasiofuma hustaajabu. Mbona mtu aliyechoka kwa kazi za shamba au za ofisi achukue kazi nyingine jioni na kuiita mapumziko? Jawabu limo ndani ya kile kitanzi kimoja.

Seremala akikata mbao fupi, mbao hairefuki tena. Fundi cherehani akikosea kukata kitambaa cha mteja, atakilipa. Mfumaji wa kroshia akikosea huchomoa kulabu, huvuta uzi, na kosa hufumuka mshono kwa mshono mpaka afike mahali palipokuwa sawa. Uzi ni ule ule na hapana kilichopotea ila muda. Ni kazi chache zenye huruma kama hiyo. Mtoto wa miaka minane aweza kujifunza bila kumharibia mamaye kitu cha thamani, na bibi kizee aliyekuwa hajui aweza kuanza bila kuogopa kuchekwa.

Tena ni kazi ikubaliyo kukatizwa. Mtoto akilia, maji yakichemka, au zamu ikifika pale zahanati, mfumaji hukivuta kitanzi chake kiwe kirefu kidogo kisije kikafumuka, huitia kazi mfukoni na kuinuka. Akirudi baada ya dakika tano au baada ya wiki mbili, huikuta pale pale alipoiacha. Wanawake wengi hawana saa nzima iliyo yao wenyewe kwa siku. Wana dakika kumi hapa na kumi pale, katika matatu, katika foleni ya kinu cha posho, katika benchi la kungojea daktari. Kroshia hukusanya vipande hivyo vya muda ambavyo vingepotea, navyo mwisho wa mwezi huwa kitu kinachoonekana na kushikika. Labda hii ndiyo furaha kubwa kuliko zote, maana kazi nyingi za nyumbani hazibakizi alama: chakula huliwa, vyombo huchafuka tena, sakafu hukanyagwa. Kitambaa hubaki.

Na mkono ukiwa na kazi, moyo hutulia. Mtu anayehesabu mishono yake hana nafasi ya kuhesabu madeni yake. Lakini baada ya kuzoea, mkono hufuma wenyewe na ulimi huwa huru, ndiyo sababu wafumaji hupenda kukaa pamoja; mambo mazito ambayo mtu asingeyasema akimtazama mwenzake usoni huyasema kwa urahisi macho yakiwa juu ya uzi.

Mambo haya yamechunguzwa. Mwaka 2020 Pippa Burns na Rosemary Van Der Meer wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, walitangaza matokeo ya maswali waliyowauliza wafumaji wa kroshia zaidi ya 8,000 katika nchi 87. Karibu watu 9 katika kila 10 walisema kwamba kufuma huwatuliza, na karibu 8 katika kila 10 walisema huwafurahisha. Hesabu kama hizo zataka kupokewa kwa busara, kwani waliojibu ni wale waliokwisha kuipenda kazi hii. Aliyeitupa kulabu baada ya siku mbili hakuulizwa. Hata hivyo watu elfu nane kutoka nchi mbalimbali kama hizo si watu wa kupuuzwa.

NJAA YA IRELAND

Isidhaniwe kwamba kroshia siku zote ilikuwa kazi ya burudani. Maelezo ya kwanza yajulikanayo ya kufuma kroshia kwa jina hilo yalichapishwa katika gazeti la Kiholanzi liitwalo Penélopé mwaka 1823, kwa ajili ya mabibi wenye nafasi. Miaka ishirini na kitu baadaye kazi hiyo hiyo iliwafikia watu waliokuwa wakifa kwa njaa.

Katika Ireland maskini wengi walitegemea viazi kwa chakula chao chote au karibu chote. Mwaka 1845 ugonjwa ulivamia mashamba, viazi vikaoza ardhini, na miaka iliyofuata vikaoza tena. Watu wapata milioni moja walikufa, na wengine wapata milioni moja waliihama nchi yao. Wanaume hawakuwa na kazi, na ardhi ilikuwa na kodi iliyotakiwa kulipwa hata kama haikuzaa.

Hapo ndipo watawa wa Kikatoliki katika sehemu za Cork, na wake wa wachungaji wa Kiprotestanti kwingineko, walipowakusanya wanawake na wasichana wakawafundisha kroshia. Katika mji wa Clones, katika jimbo la Monaghan, kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1847 na Bi. Cassandra Hand, mke wa kasisi. Sababu ya kuchagua kroshia ilikuwa ya hesabu. Matajiri wa Ulaya walipenda sana lesi za Venice, lakini lesi hiyo ilishonwa kwa sindano na ilimeza muda mwingi mno. Mabingwa wa kulabu waligundua kwamba waweza kufuma kitu cha kukaribiana nayo kwa sehemu ndogo tu ya muda huo. Mwanamke mmoja aliyeshughulika sana kuandika mafunzo ya kazi hiyo na kuyachapisha vitabuni alikuwa Eleonore Riego de la Branchardière.

Walivyogawana kazi ni jambo la kupendeza kulifikiri. Kitambaa hakikufumwa kizima na mtu mmoja. Huyu alifuma waridi, yule majani, yule zabibu. Kisha maua yote yalipangwa juu ya kielelezo na kuunganishwa kwa wavu wa minyororo uliojaa vifundo. Hata leo kifundo kimoja cha namna hiyo huitwa fundo la Clones. Ili petali za ua zisimame, zilifumwa juu ya uzi mnene uliofichwa ndani. Familia nyingine zilikuwa na ua lao, na namna ya kulifuma haikuonyeshwa kwa majirani, maana siri ile ilikuwa ni chakula. Nao waliokosa fedha ya kununua kulabu walichukua waya mgumu au sindano, wakaikunja ncha kwa tupa, wakaichomeka katika kizibo au kipande cha mti.

Kwa fedha ya kulabu hizo watu walinunua unga, walilipa kodi ya ardhi, na wengine walilipa nauli ya meli ya kwenda Marekani, wakaichukua kazi yao pamoja nao. Kroshia haikuizuia njaa ile. Kusema hivyo kungekuwa kuwadharau waliokufa. Lakini zilikuwako nyumba ambamo mchumaji alikuwa msichana mwenye kulabu, naye baba yake alikaa akimngojea amalize ua.

Kazi iliyopewa maskini ilirudi tena majumbani mwa wakubwa. Malkia Victoria wa Uingereza alijua kufuma kroshia, na mwaka 1900, alipokuwa amekwisha kutimiza miaka 80 na vita vya Afrika Kusini vikiendelea, alifuma kwa mkono wake mwenyewe skafu nane za sufu zenye herufi za jina lake, wakapewa askari wanane walioonekana kuwa mashujaa: wanne wa jeshi la Uingereza, na wanne wa majeshi yaliyotoka katika makoloni. Askari wengi wangependa kupewa nishani ya dhahabu. Lakini nishani hutengenezwa kwa mamia, na skafu zile zilikuwa nane tu.

HUKU KWETU

Katika Kenya kazi za sindano na uzi zilifundishwa kwa wasichana katika shule za misheni, na baadaye katika vilabu vya wanawake. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni, wanachama wake walifundishwa kushona na kufuma pamoja na mapishi, usafi na malezi ya watoto. Mafunzo hayo yalilaumiwa baadaye na watu kadha wa kadha, waliosema kwamba mwanamke alifundishwa kupamba nyumba badala ya kufundishwa kuiongoza nchi. Lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini wanawake wenyewe waliitumia kulabu kwa njia zao: kukutana, kuweka akiba pamoja, kumtunza bibi arusi kwa seti kamili ya vitambaa, na kupata senti ambazo hazikupitia mkononi mwa mtu mwingine.

Siku hizi vijana wa mjini wameipokea upya. Hawafumi vitambaa vya viti tu bali blauzi, kofia, mikoba na wanasesere, na wengi hujifunza kwa kutazama picha za video katika simu. Wavulana nao wamo, na hapana ajabu, kwani fundi cherehani wa Kenya kwa kawaida ni mwanaume wala hapana amchekaye. Mwaka 2021, katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mpiga mbizi wa Uingereza Tom Daley, aliyekuwa ameshinda medali ya dhahabu, alionekana na dunia nzima ameketi kati ya watazamaji akifuma kwa sindano zake mbili.

SWALI LA BEI

Sasa yapasa kulifikia jambo ambalo wafumaji wengi hulikwepa. Kwa kuwa kroshia haitoki mashineni, bei yake karibu yote ni bei ya muda wa mtu. Mathalan mama amefuma kitambaa cha meza kwa saa 20, kwa uzi wa shilingi 300, akakiuza kwa shilingi 900. Husema moyoni mwake kwamba amepata faida ya shilingi 600. Lakini shilingi 600 zikigawanywa kwa saa 20 ni shilingi 30 kwa saa. Na mteja, kabla ya kuzitoa, amekwisha kulalamika kwamba kitambaa ni ghali.

Mnunuzi hulinganisha na sweta ya mtumba au shuka la kiwandani, naye hana habari kwamba analinganisha mikono na mashine. Katika maduka makubwa ya nguo ya Ulaya na Marekani huonekana wakati mwingine magauni na mikoba ya kroshia ya bei rahisi kabisa. Kwa wengine huo ni ushahidi kwamba mashine imepatikana. Sivyo. Maana yake ni kwamba mahali fulani yuko mtu, aghalabu mwanamke afanyaye kazi nyumbani kwake, aliyelipwa kidogo mno.

Mfumaji anayefuma kwa kujifurahisha hana haja ya kuuza, naye akitoa kazi yake zawadi hupata malipo ya namna nyingine. Lakini anayeuza ni heri aandike saa zake katika daftari tangu mshono wa kwanza, pamoja na gharama ya uzi, na amwonyeshe mteja daftari hilo bila haya. Wengine watakwenda zao. Watakaobaki watajua wanachokinunua. Na kwa aliye na haja ya fedha ya haraka, kofia au kishikio cha sufuria cha saa mbili au tatu huuzika vema kuliko kitambaa kikubwa kilichomchukua mwezi mzima.

SIRI YA MDUARA

Anayeanza, baada ya kujua mishono ile miwili, hupenda kujaribu kitambaa cha duara, na hapo wengi hukata tamaa bure. Kanuni yake ni rahisi. Kwa mshono mfupi, mzunguko wa kwanza una mishono 6, na kila mzunguko unaofuata huongezewa 6: yaani 12, kisha 18, kisha 24. Kwa mshono mrefu huanza na 12 na kuongezewa 12 kila mara. Akifanya hivyo kitambaa kitalala bapa juu ya meza. Akiongeza kidogo kuliko hapo, kingo zitainuka na kitakuwa bakuli. Na bakuli hilo, likigeuzwa, ndiyo kofia. Akiongeza kupita kiasi, kingo zitajikunja mawimbi mawimbi kama jani la sukumawiki.

Mawimbi hayo, ambayo mwanagenzi huyaona kuwa ni aibu, yaliwafaa wanahisabati. Kuna namna ya uso ambao hupanuka upesi kuliko meza bapa kila unapotoka katikati kwenda nje. Wataalamu waliuandika kwa hesabu tangu karne ya kumi na tisa, lakini kuufanya kwa karatasi uwe kitu imara cha kushika mkononi kuliwasumbua. Mwaka 1997 Daina Taimiņa, mwanahisabati kutoka Latvia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliufuma kwa kroshia kwa kuongeza mishono kwa kipimo kile kile katika kila mstari, na wanafunzi wake wakaweza kuukunja na kuupima kwa vidole. Mwaka 2005 Margaret na Christine Wertheim, ndugu wawili waliozaliwa Australia, waliitumia njia hiyo kuanza kufuma matumbawe ya uzi, kwa kuwa matumbawe mengi ya baharini yana umbo hilo hilo la mawimbi, ili watu wakumbushwe jinsi matumbawe ya kweli yanavyokufa kwa joto la bahari. Maelfu ya watu katika nchi nyingi wamefuma sehemu zao. Wavuvi wa Watamu na Malindi, ambao huyaona matumbawe kila siku maji yakiwa safi, wangeitambua kazi hiyo mara moja bila kuelezwa hesabu yake.

MANENO MAWILI KWA ANAYEANZA

Anayefuata vielelezo vya vitabu au vya simu na ajihadhari na majina. Waingereza na Wamarekani hutumia maneno yale yale kwa mishono isiyo sawa: mshono mfupi ulioelezwa hapo juu Wamarekani huuita mshono mmoja, na Waingereza huuita maradufu, na ule ambao Wamarekani huuita maradufu ni mshono mrefu. Mtu akichanganya, kitambaa chake kitatoka kirefu kupita kiasi, au kifupi na kigumu kama mkeka, naye atamlaumu mwalimu au uzi. Kabla ya kuanza yafaa kutazama kielelezo kimeandikwa katika nchi gani. Vielelezo vya alama zilizochorwa ni bora zaidi, maana alama hazina lugha.

Kazi ikiisha, kitambaa cha pamba na kifuliwe kwa maji vuguvugu bila kusuguliwa, kichovywe katika wanga mwepesi wa muhogo au wa mchele, kisha kinyoshwe juu ya taulo na kubanwa kwa pini kila pembe mpaka kikauke, kivulini ikiwa kina rangi. Ncha ya uzi isikatwe karibu na fundo. Iachwe urefu wa kiganja, itiwe katika sindano butu, ipitishwe ndani ya mishono kwenda upande mmoja na kurudi, ndipo ikatwe.